Gari la Taata Halijamkataa Mtu

Nshambya,
Bukoba.
16 Novemba 2024.

Mpendwa Kaka Avit,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Violeth na watoto huko Lindi mu wazima, na joto halijawachosha. Sisi tunaendelea. Mama ana kikohozi kidogo, ila bado anakataa kukaa ndani mtu mwingine akipalilia kibanja chake. Mvua zimeshika na senene wameanza kuanguka. Nimekuwekea kopo moja.

Sasa nisikuzungushe. Uliponipigia simu ukaniambia nimwachie baba mdogo Kyaruzi pikapu ya marehemu taata wetu ili ukoo utulie, sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Jibu langu ni hapana.

Unajua taata alinikabidhi lile gari mbele ya Mama, niendelee kubeba ndizi kutoka Kagoma kuja mjini. Tulipomzika tu, visa vikaanza. Jioni naliegesha likiwa zima, asubuhi betri imekufa kabisa, naita majirani tusukume. Baba mdogo akatembeza maneno Kagoma nzima: "Waitu, gari linamlilia mwenyewe. Limemkataa mwanamke." Akaitisha kikao cha ukoo Jumapili ili alichukue. Na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali, kaka! Gari la Kijapani!

Nilinunua betri mpya, nayo ikafa vilevile. Nikajua betri haina kosa, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limeegeshwa. Nikalipeleka Miembeni kwa fundi Lameki, yule uliyesoma naye. Alipima kwanza chaji injini ikiunguruma, ikawa nzuri. Kisha tukazima kila kitu, tukafungua waya wa hasi, tukaweka balbu ndogo kati ya ule waya na betri. Balbu ikawaka. Gari limezimwa, funguo ninazo mimi mfukoni, na balbu inawaka!

Tukaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mimi nikikodolea macho ile balbu. Ya redio, ya honi, ya taa za ndani. Wapi! Zote zilipokwisha na bado inawaka, Lameki alisema, "Basi huyu mwizi hapitii mlangoni." Kumbe kulikuwa na waya uliofungwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi. Tukaufuata mpaka nyuma ya kiti.

Kaka, ilikuwa amplifaya ya msiba. Unakumbuka vijana walivyofunga spika juu ya gari la taata lenyewe, wakazunguka mpaka Muleba mjini kutangaza kifo chake? Spika walizirudisha parokiani, amplifaya wakaisahau, tena imewashwa, na flashi imechomekwa. Lameki aliunganisha spika yake, sauti ikatoka: "Mzee Protase wa Kagoma ametutoka..." Ikarudia, ikarudia. Wiki zote hizo gari lilikuwa linatangaza msiba wake, ila bila spika. Nililia pale gereji mbele za watu, na sioni aibu kukuambia. Kisha nikaizima kwa mkono wangu.

Jumamosi iliyopita nililiendesha hadi Kagoma, nikaliegesha mbele kabisa ya mlango wa baba mdogo, nikaliacha hapo mpaka kesho yake. Baada ya Misa, ukoo wote ukiwa umekaa, nikaingia nikawasha. Likawaka papo hapo. Nikapiga na honi, unisamehe. Baba mdogo alikohoa, akasema labda msiba umekwisha. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, umekwisha, nimeuzima mwenyewe. Hakuna aliyesema tena habari ya kuchukua gari.

Mama anakusalimu sana, pia jirani yetu Jovita na shangazi Ephrasia, ambaye alikuwa wa kwanza kunipigia vigelegele. Wabusu watoto. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ukija Desemba nitakupokea uwanja wa ndege na gari hilohilo. Utakaa upande wa abiria.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye funguo,
Joanitha