Imani Kamili na Kocha

Jumanne, Aprili. Theluji imeanguka tena, na hapa Dixon, mtaa wetu wa Toronto, watu waliokwisha kuficha makoti wameyatoa upya.

Nina wiki tisa ndani ya ndoa. Nikisikia funguo za Valdemir mlangoni, moyo bado unaruka. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Kwa wasiomjua, mume wangu ni Mbrazili. Alicheza beki tangu ana miaka kumi na sita, akazunguka nchi tano mpaka goti likakataa, ndipo akawa kocha. Hapa Toronto alipewa klabu ndogo. Wamefungwa mechi sita mfululizo.

Jana asubuhi klabu ilitoa taarifa: "Uongozi una imani kamili na kocha wetu." Nililia kwa furaha. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu na mioyo myekundu kumi, nikapika pilau, nikawaita mama na kaka yangu Baraka tusherehekee.

Baraka aliisoma mlangoni, hata viatu hajavua.

"We Neema, unasherehekea nini? Hii ndiyo sanda yenyewe. Kocha anayeaminiwa kweli haandikiwi taarifa."

"Acha uchuro," mama akamkata. "Kula pilau ya dada yako, unyamaze."

Valdemir alirudi kutoka mazoezini, akaiona meza, akaiona mioyo yangu kumi. Hakukasirika. Aliniambia taratibu kwamba amewahi kusoma maneno hayo katika klabu tatu, na zote tatu zilimfukuza kabla wiki haijaisha. Kisha akala sahani mbili, ili nisijione mjinga.

Nampenda mtu huyu mpaka naumwa.

Leo saa nane mchana walimwita. Saa tisa alikuwa amerudi, theluji mabegani. "Basi, mke wangu," akasema, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe.

Nilimkumbatia hapo hapo na koti lake bichi. Miaka yote ile ya kupigwa mateke, na mtu anaagwa kwa muda usiotosha hata kuivisha maharage.

Kuna klabu ya mji mdogo kwao Brazili inamtaka. Wanataka jibu keshokutwa. Akaniuliza kama nitaenda naye.

Siku ya harusi niliwaambia watu wote, kwa kipaza sauti, kwamba nitamfuata mpaka mwisho wa dunia. Nilimaanisha kila neno. Lakini leo nilitazama kwanza dirishani, jengo la pili, ghorofa ya nne, anakokaa mama. Ana kisukari. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki, mimi ndiye ninayemsomea barua zake.

Nikajibu, "Nitaenda."

Nilichelewa kidogo tu kujibu. Lakini mtu aliyecheza beki miaka yote hiyo anamjua aliyechelewa. Alinibusu kwenye paji la uso, akaenda kuoga, na maji yamefunguliwa muda mrefu sana.

Akitoka nitamweleza habari ya mama, yote, bila kuipamba. Na akiniambia basi nibaki, je, nitafurahi?