Msamaha Nimempa, Sahihi Sijampa

Jumamosi. Ukungu haujatoka migombani tangu asubuhi, baridi ya mwezi wa saba imenikamata magoti, na nina hasira. Heri niandike kuliko kumpigia mtu kelele.

Mnaosoma humu mnajua shule yangu iliishia darasa la nne. Simu hii alinifundisha mjukuu wangu Neema. Lakini karatasi inayonuka, naijua hata kabla sijasomewa.

Mwanangu wa mwisho, Prosper, alikuwa askari jeshini. Sasa amepata kazi ya kulinda meli za mizigo, baharini, na bunduki, maharamia wasizipande. Mtu aliyezaliwa huku juu mlimani, bahari ameiona kwenye kalenda! Haya, kazi ni kazi. Sikumkataza.

Ila mkataba unataka sahihi ya mzazi, kwa sababu hana mke. (Miaka thelathini na minne. Hilo nalo nitaliandika siku yake.)

Jumapili iliyopita nilimwambia Neema anisomee mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Akafika mahali akataka kuruka mstari. Nikamwambia soma. Imeandikwa kwamba mlinzi atajibu mwenyewe kwa kila risasi atakayopiga, na akikamatwa nchi yoyote kwa ajili ya silaha, familia haitadai kitu kwa kampuni.

Hapo ndipo wanataka niweke jina langu.

Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa. Bunduki ilikuwa ya ghala, na kibali chake kilikuwa cha pale ghalani tu. Siku moja bosi akamwambia panda lori, sindikiza mzigo. Polisi wakamsimamisha Sanya Juu. Kibali kiko wapi? Bosi alipoulizwa akasema, mimi sikumtuma. Mume wangu akalala mahabusu siku tatu, na mimi nikimpelekea mtori, supu yetu ya ndizi, kwenye chupa ya chai.

Sanya Juu nilifika. Huko kwenye bandari za watu, mtori ataupeleka nani?

Nikampigia wakala wao aliyeko Dar. Kijana ana sauti laini kama parachichi lililoiva.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo meli ni ya bendera ya nchi gani?"

"Inategemea bibi, meli ni nyingi."

"Kwa hiyo sheria nayo inategemea. Ikiingia bandarini, bunduki zinakaa wapi?"

"Mara nyingi zinaachwa kwenye meli nyingine huko nje, kama stoo."

"Na ile siku ambayo siyo mara nyingi? Kibali cha nchi hiyo kina jina la nani?"

Akaanza kunisifia mshahara.

"Na mwanangu akimpiga mvuvi akidhani ni haramia, nani alimwamuru? Nahodha au nani? Anashtakiwa wapi?"

"Bibi, hiyo haitatokea."

"Sijakuuliza kama itatokea!"

Prosper, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akaninyang'anya simu. Akasema namwaibisha, mimi mama wa migomba nijue nini habari za meli. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Chakula nilimwekea mezani, nikaenda kulia changu jikoni.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni ameshika jani la isale, amelifunga fundo vizuri kabisa. Kwetu mtu akikujia na isale kuomba radhi humkatai, hata kama amekuchomea nyumba. Nikalipokea. Moyo ukalainika, nikawa tayari kumwita ndani anywe uji.

Akatoa ule mkataba kwenye koti. Na kalamu.

"Mama, umeshapokea isale. Saini basi."

Jamani! Isale ni la kuomba msamaha, siyo la kukamulia sahihi! Nani alimfundisha huo ujinga? Nimemwambia pale pale, majirani wakisikia: "Kwa kuniita mama wa migomba, nimekusamehe, limekwisha. Jina langu halimo kwenye hilo fundo."

Akakaa kwenye ngazi kama mtoto aliyenyimwa muwa. Baadaye akasema polepole, bila kuniangalia, "Mama, hata mimi nilimuuliza yule wakala habari za kibali. Hakunijibu."

Basi na wewe ulikuwa unaogopa, baba! Kwa nini ulinificha?

Nami nikiri. Yeye ndiye wa mwisho, kwa mila yetu nyumba hii na kihamba hiki, shamba la ukoo, ni vyake, na akienda nabaki na mbuzi wawili. Nimejiuliza leo mchana, nikimenya ndizi, kama nagombania sheria au nagombania mtu wa kukaa naye.

Vyote viwili. Lakini maswali yangu bado ni ya kweli.

Tumekubaliana, Jumatatu tunashuka Moshi kwa wakili, mimi na yeye, karatasi mkononi. Iandikwe nani anaamuru risasi. Iandikwe kibali cha kila bandari ni kazi ya kampuni. Iandikwe akikamatwa, kampuni inamwekea wakili na kumrudisha nyumbani, na huo mstari wa familia kutodai ufutwe. Wakikataa, watafute mtoto wa mama mwingine.

Wakikubali yote, nitasaini. Nimeshaliandika hapa mbele yenu, sirudi nyuma.

Naomba tu siku hiyo, nikiandika jina, asinitazame usoni.