Majina Yetu kwa Muuza Pete

Jumatatu, 3 mars 1975

Barua za pete tena! Mtu wa Kinshasa anayejiita Profesa anauza pete za bahati kwa posta, na sasa wasichana karibu wote wa club yetu ya kuandikiana wameletewa. Wakati wa récréation Adolphine alisoma yake kwa sauti, akatania: "Pete itafanya examen pahali pangu! Miye nalala tu!" Tukacheka. Halafu akageuza bahasha, akatuonyesha. Imeandikwa Adolphine. Si M'Bisimwa, jina la shuleni — jina la ubatizo, ambalo Serikali imekataza kuliandika popote.

Sisi majina hayo tuliyaandika. Kwenye liste ya club, ili marafiki wa mbali watuite kama mama zetu wanavyotuita. Na secrétaire ni mimi. Kila rafiki mpya nilimtumia liste nzima — niliona ndiyo adabu! Mmoja wao amempa Profesa.

Jumanne, 4 mars

Mbaya. Barua ya Adolphine ilipitia boîte postale, sanduku la posta la ofisi ya baba yake, na mkubwa wa ofisi aliiona. Akamwuliza mbele ya watu: Citoyen Bisimwa, huyu Adolphine iko nani kwako? Akajibu posta imekosea. Baba yake anaogopa kufukuzwa kazi. Amemtoa Adolphine kwenye club. Leo hakunisalimia.

Alhamisi, 6 mars

Nimepata wazo! Barua zote zije kwenye boîte ya shule, kwa jina la club tu. Ndani, bahasha ndogo yenye jina la kujichagulia. Zile za Profesa, zenye majina ya ubatizo, tutazirudisha posta tukiandika: hajulikani! Nilimweleza citoyenne Cibalonza, mwalimu wetu wa Kifaransa. Na wewe utazifungua? akauliza. Ile ya nje tu, nikasema. Akasema:

"Boîte nitawaombea. Lakini waulize wenyewe kwanza. Safari ile haukuwauliza."

Kweli.

Jumamosi, 8 mars

Wasichana wa club tulikutana kwetu Nguba. Clémence: "Sasa miye niitwe nani? Ndizi?" Godelive: "Ndizi iko tamu. Weye uitwe Pilipili!" Kelele! Lakini wote wamekubali. Nikatia liste kwenye makaa ya mbabula, jiko letu, maman akiwa anangoja kupika. Adolphine hakuja.

Jumapili, 9 mars

Baada ya misa nilikwenda kwao Adolphine, Muhumba, peke yangu, kumwomba papa Bisimwa amrudishe kwenye club. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Liste iko wapi? akauliza. Nimeichoma, papa. Na mtu akikuuliza? Sikuelewa. Basi akanyoosha mgongo, akatoa sauti ngumu, ya ofisini:

— Citoyenne! Huyu Adolphine iko nani?

Nikajibu:

— Simjui, citoyen.

Alinitazama sana. Nyuma yake, jikoni, mtu alikuwa anajizuia kucheka — kicheko kile nakijua! Papa alikisikia pia. Hakugeuka. Akasogea kidogo tu mlangoni, nafasi ya mtu mmoja kuingia.