Msimu Ule Ulipomlimia Padri

Mama yangu mpenzi,

Tangu juzi sikai nikatulia. Nakaa, nasimama, natoka uani, narudi. Mzee mmoja wa kanisa amepita hapa kwangu Nachingwea kusema kesi ya yule padri inafunguliwa upya, na Jumamosi waliokosewa watasikilizwa. Wewe una miaka mitatu kaburini, kwa hiyo nitaitwa mimi.

Unaukumbuka msimu ule Chinongwe? Baba alikuwa huku, anang'oa visiki kwenye mradi wa karanga. Ulikwenda kuungama, kosa lenyewe silijui hadi leo, ukarudi na kitubio cha ajabu: ukalime shamba la karanga la padri mpaka palizi iishe. Lake mwenyewe, si la kanisa. Mvua za kwanza zote zikakukuta huko, wewe na akina mama wenzako, na shamba letu likaota magugu hadi magotini. Mwaka ule tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, mpaka mdogo wangu akawa analia kila aionapo sufuria.

Baraza la kanisa lilipokuja kusikiliza kesi hiyo, padri alikiri. Mwenyekiti akakugeukia, "Mama, umemsamehe baba padri?" Mimi nilikuwa na njaa, nimechoka, naona aibu kutazamwa na watu. Nikakuvuta kanga, nikakunong'oneza, "Sema umesamehe, twende nyumbani." Ukasema. Wakaandika, wakafunga daftari. Padri akahamishwa, watu wakasema haki imetendeka. Kwako hakuja mtu hata na kikapu cha mbegu.

Njiani ulisema neno moja tu: "Wameniuliza ya moyoni. Ya shamba hawakuniuliza."

Neno hilo haliniachi, Mama. Mimi ndiye niliyekuharakisha. Nalikasirikia baraza, kisha nakumbuka mkono wangu kwenye kanga yako, hasira inanigeukia mwenyewe.

Najua watakachosema Jumamosi: "Mama yako alisamehe, sasa wewe unataka nini?" Huyu mzee aliyepita ameshaanza, eti tusichokonoe mambo, padri mwenyewe ni mgonjwa. Nami namwombea apone, kwa kweli. Lakini baba yuko palepale Chinongwe, mgongo umemwisha, shamba halijaguswa na mawingu yameanza kujikusanya. Nitawaambia ulisamehe, na hakuna anayemnyang'anya padri msamaha huo. Sasa baraza lije na majembe. Walime shamba la baba tangu kupanda hadi palizi, msimu mzima, kama ulivyolima wewe.

Wakikataa, nitawauliza tena Jumapili, mlangoni mwa kanisa, watu wote wakitoka. Wakikubali, watanikuta nimeshafika shambani kabla yao, nimeshika jembe, maana na mimi nina deni lako.

Pumzika, Mama. Mimi bado.

Binti yako wa kwanza