Neno la Kumi kwa Mama

Altenrode, Hesse
14 Novemba 1877

Mpendwa kaka Seligmann,

Hujambo huko Amerika, wewe na wifi Bertha na watoto? Kifua chako kimepona? Sisi tu wazima wa mwili, ila roho hazitulii.

Kinanda kimeshaingia sinagogi, mabomba yake yanagusa dari. Mume wangu Moritz alikuwa wa kwanza kukipigia kura, na Baba, anayeshika desturi ya kale isiyotaka ala katika sala, akawa wa kwanza kutoka nje. Wenzake wanane wakamfuata. Siku hizi wanasali chumba cha nyuma kwa Herz mwoka mikate, nasi wanawake wachache tunakaa nyuma ya pazia.

Umeiona shida? Baba na wanane ni tisa. Bila wanaume kumi hawezi kumsomea Mama sala ya wafiwa, na mwaka wa kifo chake umetimia jana. Wiki nzima sikushika kazi ikashikika. Nilimsihi Moritz, akacheka: "Mzee aje kwetu bwana, wanaume tupo sitini!" Nikamfikishia Baba. Akafoka: "Nimwombee mama yako penye kinanda? Mwambie mumeo akacheze ngoma huko!"

Jana jioni tukakusanyika. Si unajua watu wetu hawahesabiwi vichwa; Baba akasoma ule mstari wa Zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Ukaishia la tisa. Akarudia, kana kwamba kuna mtu chini ya meza. La tisa tena. Nililia, kaka.

Mara mlango ukafunguka, Moritz huyo, anahema. Hakuna aliyemwitikia salamu. Baba alimkazia macho. Kisha akaanza mstari upya, akafika kwa Moritz, akamtamkia neno la kumi.

Mama akaombewa. Mlangoni Baba alimwambia, "Ahsante, mkwe. Kesho urudi kwenye mazumari yako."

"Na mwakani, baba?"

Baba alivaa koti lake, akatoka.

Ila linaloninyima raha ni jingine. Wewe huko sinagogini unakaa benchi moja na mkeo, huenda ukatucheka. Lakini nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Baba, mimi niliyemfumba Mama macho, na mara zote tatu mstari ulinipita.

Msalimie wifi, shangazi Reichel na Emil mdogo. Mungu awafunike kwa amani yake.

Dada yako akupendaye,
Jettchen