Pumba za Rujewa

Sokomatola,
Mbeya.
17 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Faraji,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti linaendeleaje na mvua za huko Tanga? Bi Amna hajambo? Sisi wazima, ila Mama presha inamsumbua.

Mjomba, sina kazi tena. Nimetaka uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa wengine.

Unajua mradi ulinituma Rujewa kupima hali ya chakula. Maghala yamejaa mchele, malori yanapakia kutwa. Lakini mvua zilichelewa, mashamba hayakulimwa, vibarua wakakosa kazi. Chakula kipo, wao hawana cha kununulia. Dastan, mwenye mashine ya kukoboa, ndiye aliyenishtua: “Dada, siku hizi pumba zinagombaniwa. Na kuku hawajaongezeka.”

Nikazifuata hizo pumba hadi kwa Tupokigwe, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa anazichekecha apike uji. Kuniona tu, akafunika sufuria.

“Jina langu usiandike,” alisema. “Andika njaa.”

Niliandika: vijiji vinne vina njaa. Bosi akaniita Mbeya, akanisukumia ripoti mezani. “Ruwaida, wilaya inayolisha nchi utasemaje ina njaa? Toa hivyo vijiji vinne, usaini.”

Nikamwambia siwezi. Akanipa hadi asubuhi. Jioni ileile niliipeleka ripoti nzima kwa kamati ya maafa. Asubuhi nikakuta barua ya kuachishwa.

Siku tisa usingizi ulinikimbia, nikihofu nimeitupa kazi bure. Juzi jioni Dastan akapiga simu: mahindi yameshushwa vijiji vitatu. Cha nne, cha Tupokigwe, bado. Njia imekatwa na maji ya mvua hizo zilizochelewa, na mtoto wake mdogo hawezi tena kusimama.

Nilipanda basi la kwanza. Dastan akatoa trekta lake, tukapakia mahindi ya msaada, tukavuka maji yakigusa injini, nikisoma kila dua niliyofundishwa. Tulifika jana saa nane mchana. Mtoto tulirudi naye, amelazwa hospitalini, na leo ameanza kula. Tupokigwe hakusema asante. Alimkabidhi mtoto kwa dada yake aliyefuatana nasi, akajitwika debe la mahindi kwenda kusaga, maana wawili wengine walikuwa wanamngoja. Niliona ni sawa kabisa.

Sijutii, mjomba, ila naogopa. Mama bado hajui. Naomba umpigie wewe, wewe ndiye anayekusikiliza.

Wasalimie Bi Amna, Jaha na Anwari. Mola akupe afya, na chakula, na wa kula naye.

Mpwa wako akupendaye,
Ruwaida