Dakika Nne za Nazi

Jumatatu, 8 Septemba
Chai, mkate wa kumimina, simu. Uhakiki wa filamu yangu umetoka kwenye gazeti la Dar. Picha nzuri, hadithi haisogei. "Dakika nne nzima mama wa familia anakuna nazi, kimya. Kisha anachukua nyingine." Nimecheka. Halafu nimeumia. Miaka mitatu ya kazi, kilichoonekana ni nazi.

Jumatano, 10 Septemba
Maoni mtandaoni. Mmoja alisinzia, akaamka, nazi bado inakunwa. Huyu angalau ana ucheshi.

Hawa hawanitishi. Ninayemwogopa ni Mama. Jumamosi tunaionyesha hapa mtaani kwetu Mabawa na amesema atakuja. Hajui kuwa mwanamke yule wa nazi ni yeye. Nilikuwa na miaka tisa siku Baba alipotuacha, akaenda kuoa Muheza. Mama alikaa kwenye mbuzi ya kukunia, akakuna, akakuna. Sikumwomba ruhusa. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 12 Septemba
Mwenye ukumbi kapiga simu. Anataka kuweka taarabu kwenye sehemu ya nazi, watu wasidhani spika zimekufa. Nimekataa.

Nimemwambia Mama filamu ni ndefu, atachoka, abaki nyumbani. "Kwani mie Jumamosi nna kazi gani?" Basi tena.

Jumamosi, 13 Septemba
Alasiri. Ukumbi umejaa, wengi kina mama wa mtaani, wamekuja na watoto na korosho. Vijana wa nyuma waliondoka mapema. Sikuwalaumu.

Ikafika nazi. Minong'ono ikaanza. Nikajua nimekwisha, wananicheka. Ndipo bibi mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Atia weusi huyo. Keshafika kifuuni."

Jirani yake akamjibu, "Hajui akifanyacho, maskini. Moyo wake haupo hapo."

Ukumbi mzima ukangoja naye mpaka nazi ya pili ikaisha.

Kila anayepika hapa anajua: unaacha kabla ya ule weusi wa kifuu, tui lisichafuke. Mama siku ile hakuacha. Ndiyo maana nilimwambia mwigizaji asiache. Dar hakuna aliyeliona hilo. Wao wameliona bila kuambiwa. Nilitaka kumbusu yule bibi.

Mama sikuthubutu kumtazama. Njiani aliongea bei ya samaki tu.

Jumapili, 14 Septemba
Nimemkuta Mama uani, anakuna nazi ya mchana. Nikamwamkia. Akaitikia, hakuinua uso.

"Picha yako ndefu, mwanangu."

Nikasema najua.

"Na umesahau kitu. Wali wa siku ile ulikuwa mchafu, una weusi mtupu. Mkaula nyote watatu, wewe na wadogo zako, hamkusema neno. Mie nlipata nguvu ya kusimama tena kwa hilo."

Kweli nilisahau. Nakumbuka nazi tu, na mgongo wake.

Akanisogezea kifuu alichomaliza kukikuna. Ndani kimebaki cheupe. Nimeosha mchele. Nimelia kidogo, kwa raha, nikiwa nimempa mgongo.

Tumekula. Simu sijaishika tangu asubuhi.